Gauni kwa patani ya zamani na ya leo: kuanzia karatasi hadi pindo

Gauni lililoshonwa nyumbani likigoma kukaa mwilini, mara nyingi cherehani haina kosa. Kosa lilifanyika mezani, pale mtu alipoiamini namba ya saizi bila kuipima. Patani ya karatasi, yaani violezo vya kukatia vilivyokunjwa ndani ya bahasha au vilivyochapishwa kutoka kwenye faili, imechorwa kwa mwili wa mfano. Ya mwaka 1955 ilichorwa kwa mwanamke aliyevaa nguo ya ndani ya kubana kiuno na sidiria iliyochongoka. Ya leo inachorwa kwa mwanamke mwingine, na mara nyingi hafanani na wewe pia. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye karatasi. Ukishaikata vizuri, kushona gauni la kawaida ni kazi ya mwisho wa wiki moja.

Mwongozo huu unachukua mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: gauni lenye kiuno kilichokatwa, sehemu ya juu ya kukaa mwilini yenye dati (mikunjo ya kushonwa inayochongoka, inayolipa kitambaa umbo la mwili), mikono mifupi, na sketi pana chini. Umbo hilo lilienea baada ya mitindo ya Paris ya 1947 kurudisha sketi pana na kiuno chembamba, na mpaka leo linapatikana kwenye patani za zamani na mpya. Tena linapokea kitenge vizuri kuliko maumbo mengi.

Vipimo

Vaa sidiria utakayoivalia gauni hilo. Funga lastiki nyembamba kiunoni, jikunje pande mbili mara kadhaa, uiache ikae inapotaka yenyewe. Hapo ndipo kiuno chako kilipo, hata kama ni juu ya pale ulipozoea kufungia sketi. Kisha chukua vipimo hivi kwa futi kamba, bila kuibana:

1. Kifua cha juu: chini ya makwapa, juu ya matiti, futi ikizunguka mgongoni.
2. Kifua kamili: kwenye ncha za matiti.
3. Kiuno: kwenye lastiki.
4. Hipsi: pale palipojaa zaidi, kwa kawaida sm 20 hadi 23 chini ya kiuno.
5. Urefu wa mgongo: kutoka kwenye kifupa cha shingo hadi lastiki.
6. Bega karibu na shingo hadi ncha ya titi, na ncha hadi ncha.
7. Kiuno hadi unapotaka sketi iishie.

Wengi huruka namba 1, nayo ndiyo inayochagua saizi. Tuseme mwanamke ana kifua cha juu sm 92, kifua kamili sm 102, kiuno sm 80 na hipsi sm 112. Vipimo hivyo tutavitumia hadi mwisho.

Saizi 18 ya bibi si saizi 18 ya mjukuu

Kampuni kubwa za patani za Marekani zilibadilisha vipimo vyao zaidi ya mara moja, ila namba kwenye bahasha zikabaki zilezile. Kabla ya 1956, saizi 14 ilikuwa ya kifua cha inchi 32. Kuanzia 1956 hadi 1967 ikawa inchi 34. Tangu 1968 ni inchi 36, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Kwa hiyo kifua cha inchi 38, ambacho kwenye patani ya leo ni saizi 16, kwenye patani ya 1960 ni saizi 18, na kwenye ya 1950 ni saizi 20. Wala usilinganishe na namba iliyo kwenye gauni la dukani au la mtumba, kwa maana hizo ni hesabu nyingine kabisa. Kwenye bahasha tafuta kifua kwa inchi, zidisha kwa 2.54 upate sentimeta, na namba ya saizi uisahau.

Patani za zamani nyingi zina saizi moja tu ndani ya bahasha. Za sasa hubeba saizi kadhaa kwa mistari tofauti, na unaweza kuanza na mstari wa saizi moja kifuani ukahamia mwingine hipsini.

Chagua hivi: chukua kifua cha juu, ongeza sm 5, tafuta saizi yenye kifua hicho. Kwa mfano wetu 92 + 5 = 97, sawa na inchi 38. Ungechagua kwa kifua kamili cha sm 102 ungepata saizi kubwa mno: matiti yangeingia, lakini mabega yangening'inia, shingo ingeachama na kwapa lingeshuka. Kupanua kifua kwenye karatasi ni kazi ya nusu saa; kupunguza mabega, shingo na kwapa kwa pamoja ni kazi ya kumchosha hata fundi mzoefu.

Kusoma karatasi

Ebenezer Butterick wa Massachusetts alianza kuuza patani za saizi mbalimbali mwaka 1863, na kwa miongo mingi baadaye karatasi hizo hazikuwa na maandishi wala mistari. Zilitobolewa matundu tu. Kampuni ya McCall ilitangulia kuchapisha mistari miaka ya 1920. Nyingine zilifuata, baadhi yake baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukipata patani ya matundu, usikisie. Karatasi ya maelekezo ina ufunguo: matundu makubwa pengine yanaonyesha mwelekeo wa uzi (sambamba na ukingo wa kitambaa), madogo yanaonyesha dati, na matundu matatu pamoja pengine yanakuambia uweke kipande kwenye kunjo. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Maelekezo yakiwa yamepotea, panga vipande vyote mezani kama gauni lenyewe, kisha viandike majina kwa penseli laini kabla hujasogeza hata kimoja.

Karatasi ya zamani ni nyembamba na imekauka. Inyooshe kwa pasi ya moto mdogo, bila mvuke, kisha inakili. Usikate ile ya asili na usiibandike gundi ya plastiki, kwani inageuka njano na kuirarua. Nakili kwenye karatasi ya kaki, ya kuokea, au ile nyeupe ya kufungia maua. Magazeti ni rahisi kupata lakini wino wake unaingia kwenye kitambaa cheupe, na pasi ndiyo inayoupigilia.

Patani ya faili nayo ina mtego wake. Chapisha kwa asilimia 100, zima lile chaguo la kutosheleza ukurasa, anza na ukurasa wenye mraba wa majaribio tu, upime kwa rula. Mraba wa sm 10 ukitoka sm 9.7, gauni lote limepungua kwa asilimia 3: kwenye kifua cha sm 104 ni zaidi ya sm 3 zilizoyeyuka. Kosa kubwa hapa ni faili la karatasi ya Kimarekani kuchapishwa kwenye A4. Ukichoka kuunganisha kurasa thelathini kwa gundi, peleka faili la A0 kwenye duka linalochapa michoro ya majengo, utapata shuka moja la karatasi.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha kama nafasi ya mshono imo au haimo. Patani za bahasha za Kimarekani huwa na sm 1.5, yaani kama tano ya nane ya inchi. Patani za jarida la Burda la Ujerumani hazina, unaongeza mwenyewe. Wachoraji wengi wa patani za mtandaoni huweka sm 1, na za vitambaa vya kuvutika mara nyingi milimita 6. Za kale zaidi hutofautiana hata kati ya mshono na mshono wa gauni lilelile.

Nafasi ya kupumua

Sasa pima karatasi yenyewe. Chukua kipande cha mbele na cha nyuma, pima kutoka mstari wa mshono hadi mstari wa mshono, toa upana wa dati, jumlisha, zidisha kwa mbili. Hicho ndicho kipimo cha gauni lililokwisha kushonwa. Ondoa kipimo cha mwili. Kinachobaki ni nafasi ya kupumua. Kwa gauni la kukaa mwilini lisilovutika, kifuani tafuta sm 5 hadi 10, kiunoni sm 2 hadi 4, hipsini sm 5 au zaidi ikiwa sketi inabana.

Patani za miaka ya 1950 mara nyingi huacha kidogo kiunoni kwa sababu zilitegemea nguo ya ndani ya kubana. Patani nyingi za sasa zina tabia kinyume: ukifuata jedwali la bahasha unatoka na gauni la sm 12 za ziada kifuani na unajiuliza mbona unaonekana umeazima. Kampuni kubwa huchapisha kipimo cha nguo iliyokamilika kwenye kipande cha mbele, karibu na alama ya kifua. Amini hicho kuliko picha ya bahasha.

Kupanua kifua kwenye karatasi

Hapa ndipo gauni linapokubali au kukataa. Patani yetu ni ya kifua sm 97. Mwili una 102. Tofauti ni sm 5, na kwa kuwa kipande cha karatasi ni nusu tu ya sehemu ya mbele, unaongeza nusu yake, sm 2.5.

Weka karatasi ya kipande cha mbele mezani. Tia alama ya ncha ya titi kwa vipimo vyako vya namba 6, si kwa ncha ya dati iliyochorwa. Chora mistari mitatu: wa kwanza kutoka kiunoni, katikati ya dati ya kiuno, kwenda juu sambamba na mwelekeo wa uzi hadi kwenye ncha; wa pili kutoka kwenye ncha kwenda theluthi ya chini ya shimo la mkono; wa tatu kutoka mshono wa ubavuni, katikati ya dati ya kifua, hadi kwenye ncha. Kama hakuna dati ya ubavuni, chora mstari huo hivyohivyo, dati itazaliwa.

Kata mstari wa kwanza kutoka chini hadi kwenye ncha, endelea na wa pili kuelekea shimo la mkono, usimame milimita 2 kabla ya mstari wa mshono ili karatasi ibaki na bawaba. Kata wa tatu kutoka ubavuni, usimame milimita 2 kabla ya ncha. Sasa sogeza upande wa ubavuni hadi mpasuko wa wima ufunguke sm 2.5, sawasawa kuanzia kwenye ncha hadi chini. Dati ya ubavuni itafunguka yenyewe. Utaona ukingo wa chini wa upande wa katikati umekuwa mfupi kuliko wa ubavuni: kata upande wa katikati kwa mstari wa mlalo, ushushe hadi kingo zilingane. Hapo ndipo urefu wa kulipanda titi unapopatikana, na ndiyo sababu ya gauni kupanda juu kiunoni mbele kwa wenye matiti makubwa waliopanua ubavuni peke yake.

Jaza matundu kwa karatasi chini yake, bandika. Chora dati upya, ncha yake ikiishia sm 2.5 kabla ya ncha ya titi. Ikifika hadi kwenye ncha yenyewe, itasimama kama kijiti. Kiuno nacho kimeongezeka sm 2.5 kwa kila upande, jumla sm 5. Patani ya inchi 38 ina kiuno cha mwili cha sm 76, na huyu ana 80, kwa hiyo acha sm 4 zibaki, sm 1 izidishwe kwenye dati za kiuno.

Mgongo na makalio

Patani za Kimarekani huchukulia kwamba hipsi inazidi kiuno kwa inchi 10, kama sm 25. Huyu ana tofauti ya sm 32, na wanawake wengi wa kwetu wako hapo au zaidi. Kwa sketi pana haina neno, kwa maana sketi inaanza kiunoni na kufunguka. Kwa sketi ya pensili chagua saizi kwa hipsi, kisha punguza kiuno: gawanya ziada kati ya mishono ya ubavuni na dati za nyuma. Dati moja ya nyuma isizidi sm 3.5 upana, ikizidi, tengeneza mbili. Nyuma panahitaji dati ndefu, sm 12 hadi 14. Mbele sm 8 hadi 10 zinatosha.

Linganisha pia urefu wa mgongo. Kuongeza au kupunguza hufanyika katikati, kati ya kwapa na kiuno, kwa mstari wa pembe mraba na mwelekeo wa uzi. Ukiongeza chini kabisa, umbo la kiuno linahama. Mwenye kiuno kilichoingia ndani nyuma atahitaji kukunja karatasi ya nyuma kwa sm 1 hadi 1.5 katikati ya mgongo, mkunjo ukiisha kuwa sifuri ubavuni.

Nguo ya majaribio

Kata sehemu ya juu peke yake kwa kitambaa cha marekani au shuka kuukuu la mtumba. Sketi pana haihitaji majaribio. Shona kwa mishono mirefu ya milimita 4, bila kola, mkono mmoja tu ukiwekwa, na nyuma ufunge kwa pini.

Mikunjo ya mshazari inayotoka kwenye titi kuelekea kwapani inasema kifua hakijatosha. Mikunjo ya mlalo juu ya kiuno nyuma inasema mgongo wa patani ni mrefu kuliko wako. Shingo ikiachama, bana ziada kwa pini na uipeleke kwenye dati au kwenye bega, usiikate tu. Kwapa likikukata, usikimbilie kulishusha. Nguo ya majaribio ina nafasi ya mshono ya sm 1.5 imesimama pale kwapani. Ikatekate kwa mkasi hadi karibu na mshono, uvae tena. Mara nyingi tatizo limekwisha. Kwapa la juu ndilo linaloruhusu mkono kuinuka bila gauni zima kupanda. Ukilishusha sana unapata gauni lisiloruhusu hata kushika bomba la daladala.

Kila badiliko lirudi kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Kitambaa, na hesabu ya sketi

Bahasha za zamani zinataja mahitaji kwa vitambaa vya upana wa inchi 35 na 39. Kitenge kina upana wa karibu inchi 44 hadi 46, kama sm 112 hadi 117, basi yadi zilizoandikwa kwa kawaida zitazidi kidogo. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kukaza, kinashika umbo, kinapokea pasi. Fua kwanza, kausha kivulini, piga pasi kufuata mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa). Pamba inaweza kurudi sm 2 hadi 5 kwa kila mita, na ni afadhali irudi kabla ya mkasi. Khanga ni nyepesi zaidi: nzuri kwa sketi ya marinda, pindo lake likiwa chini, lakini isitumike kwa sehemu ya juu ya kubana bila bitana, kwa sababu nyuzi zitaachana kwenye mishono.

Sketi ya solo, nusu duara: nusu kipenyo cha kiuno ni kiuno kugawanya kwa 3.14. Gauni letu lina kiuno cha sm 83 baada ya nafasi ya kupumua. Tumia 82, kwa sababu kiuno cha duara kimekatwa sehemu kwa mshazari na kitavutika. 82 ÷ 3.14 = sm 26. Huo ni mstari wa mshono. Mkasi upite kwenye sm 24.5. Urefu wa sketi sm 65 na pindo sm 2: nusu kipenyo cha nje ni 26 + 65 + 2 = sm 93. Nusu duara hiyo inakaa vizuri kwenye upana wa sm 112, lakini inahitaji urefu wa sm 186. Yadi 2 ni sm 183. Zimepungua sm 3, na wengi huligundua wakiwa wamepiga magoti sakafuni na chaki mkononi. Nunua yadi 2 na robo kwa sketi peke yake, au kubali sketi ya sm 62.

Kuna shida nyingine isiyotajwa kwenye patani za kigeni. Kwenye nusu duara ya kipande kimoja maua hukaa wima mahali pamoja tu, halafu hulala kadiri sketi inavyozunguka. Ukitaka robo mbili, mbele na nyuma, zenye mtande katikati ya mbele, hesabu inakataa: robo ya nusu kipenyo cha sm 93 iliyowekwa hivyo ina upana wa sm 131, na kitenge hakifiki. Inabidi mshono wa ubavuni ukae kwenye uzi na katikati iwe mshazari. Kwa batiki au michoro midogo isiyo na juu wala chini haina tatizo. Kwa kitenge chenye ndege waliosimama, au taa, au feni, shona sketi ya marinda: pande mbili za mstatili, kila moja upana wote wa kitambaa na urefu wa sm 71.5 (65 za sketi, 1.5 za mshono, 5 za pindo). Zinakula sm 143 tu, na mzunguko wake unazidi kidogo mara mbili na nusu ya kiuno. Gauni zima lenye mikono mifupi huingia kwenye yadi 3 kwa kubanana, na kwenye yadi 4 kwa raha, huku michoro ya mbele ikipata nafasi ya kupangwa isikae ua kubwa moja kwenye kila titi.

Kukata

Kunja kitambaa kingo kwa kingo. Kwa kila kipande, pima kutoka ncha zote mbili za mshale wa uzi hadi ukingo wa kitambaa. Zikiwa sawa, kipande kimenyooka. Tofauti ya sm 1 tu inatosha kuifanya sketi ijizungushe kiunoni ukitembea. Kata bila kuinua kitambaa mezani. Pembetatu za kukutanisha vipande zikate kama vijimpasuo vya milimita 4 ndani ya nafasi ya mshono; dati zihamishe kwa chaki upande wa ndani.

Kushona

Sindano namba 80 (12 kwa hesabu ya zamani) kwa kitenge, 70 kwa khanga nyembamba. Uzi wa poliesta. Mshono milimita 2.5. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho.

1. Shona mstari mmoja kuzunguka shingo ya mbele na ya nyuma, ndani ya nafasi ya mshono, milimita 3 kabla ya mstari wa mshono, mara tu baada ya kukata. Bila huo shingo itavutika kila unapoigusa.

2. Dati: anza upande mpana, malizia kwenye ncha kwa mishono mitatu iliyoparaza ukingo wa kunjo. Usirudishe cherehani nyuma kwenye ncha; acha uzi mrefu, ufunge fundo kwa mkono. Dati za wima zilaze kuelekea katikati, za ubavuni zielekee chini. Piga pasi juu ya taulo lililoviringishwa, si juu ya meza bapa.

3. Mabega, kisha kipande cha kugeuzia shingo, ambacho umekibandika gamu (kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi). Baada ya kushona, punguza nafasi ya mshono, katakata vijimpasuo kwenye mviringo, geuza, kisha shona kipande hicho pamoja na nafasi ya mshono, milimita 2 kutoka kwenye mshono, ili kisichungulie nje.

4. Mikono. Kichwa cha mkono kimechorwa kikubwa kuliko shimo lake kwa sm 2.5 hadi 4. Sufu inaweza kumezwa hivyo kwa mvuke, kitenge hakimezi. Utapata vijirinda begani hata ukishona kwa uangalifu wote. Punguza ziada hiyo kwenye karatasi ibaki sm 1.5 hadi 2, kisha pitisha mistari miwili ya mishono mirefu kati ya alama, vuta taratibu, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, ndipo ushone.

5. Mishono ya ubavuni. Gauni la zamani mara nyingi lina zipu ubavuni kushoto, ikiwa imefungwa juu na chini. Acha uwazi sawa na urefu wa meno ya zipu, sehemu ikiwa juu ya kiuno na sehemu chini. Ukishindwa kuingiza kichwa na mabega kwa uwazi huo, patani inakudai uwazi wa shingoni pia. Kubadilisha kuwa zipu ya kujificha ya sm 55 mgongoni ni halali kabisa, mradi ukumbuke kwamba katikati ya nyuma sasa hapakatwi kwenye kunjo. Ongeza sm 1.5 kila upande.

6. Unganisha sketi na sehemu ya juu. Marinda yavutwe kwa mistari miwili ya mishono ya milimita 4, uzi ukiwa umelegezwa juu. Shona utepe usiovutika, wenye urefu wa kiuno chako kamili pamoja na sm 2, juu ya mshono wa kiuno kwa ndani. Utepe ndio utakaobeba uzito wa sketi. Bila huo, kiuno cha gauni la solo kinashuka mwezi baada ya mwezi.

7. Zipu ya kujificha hushonwa kabla ya kufunga mshono ulio chini yake. Bana kwanza mshono wa kiuno kwa pini pande zote mbili, kwani ukipishana milimita 3 nyuma utaonekana na kila aliye nyuma yako.

Kingo za ndani: kama cherehani yako ni ile nyeusi ya mshono mmoja, peleka vipande kwa fundi wa ovaloki kabla ya kuanza. Kwa khanga, shona mshono wa kuficha: kwanza pande za ndani za kitambaa zikigusana, milimita 6, punguza hadi 3, geuza, shona tena milimita 9. Jumla yake ni ile sm 1.5 ya patani.

Yanayoharibika

Vitanzi chini ya kitambaa: uzi wa juu haukuingia vizuri kwenye vibao vya kukazia, toa, inua kiguu, tunga upya, ndipo uguse skrubu. Mishono kuruka: sindano butu, au imewekwa kinyume. Mshono kukunjamana kwenye khanga: mvutano mkali, au sindano nene mno. Ncha ya dati kuvimba: umeishia ghafla, fumua sm 3 za mwisho, uingie kwenye kunjo polepole zaidi. Zipu ya kujificha inayoonekana: umeshona mbali na meno, rudia mstari wa pili karibu zaidi, huku ukiyafungua meno kwa kidole.

Pindo la sketi ya solo lisikatwe siku ileile. Tundika gauni kwenye hanga usiku na mchana, sehemu za mshazari zitashuka, pengine sm 2 hadi 4 zaidi ya nyingine. Kisha livae na viatu vyake, mtu mwingine apime kwa rula kutoka sakafuni, akitia pini kila sm 10. Kata kufuata pini, kunja sm 1 mara mbili. Pindo la duara lisiwe pana zaidi ya hapo, kwa sababu ukingo wa nje ni mrefu kuliko mahali unapokunjiwa, na ziada hiyo hujikusanya kuwa vijirinda. Sketi ya marinda iliyokatwa mstatili inakubali sm 5 zote, na huo uzito chini ndio unaoifanya itulie.